Chumbani Wananiita Mama, na Sasa Mama Mwenyewe Halali

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Iringa. Nasomea ualimu, na kwetu ni Makete. Nakuandikia saa tisa usiku, kwa kuwa usingizi umenikimbia tena na nimechoka kuhesabu mbao za kitanda cha juu.

Naishi katika hosteli ya mtu binafsi, si mbali na chuo, kwa sababu nafasi za mabweni ya chuo zilijaa kabla jina langu halijafikiwa. Chumba chetu kina vitanda viwili vya deka, yaani ni cha watu wanne, lakini tupo sita. Wawili wanabebwa, yaani wanalala kitanda kimoja na mwenye kitanda, na mmoja wao nambeba mimi tangu Novemba. Ni binti wa kijijini kwetu ambaye nilisoma naye shule ya msingi, na alipofika hapa bila mkopo na bila pa kulala sikuweza kumwambia arudi stendi. Tulikubaliana wiki mbili, na sasa ni Juni. Kitanda ni chembamba. Yeye hujisomea kwa tochi ya simu, kisha huongea na mchumba wake hadi saa saba usiku, nami saa kumi na moja alfajiri inanibidi niamke kupanga ndoo bombani kabla maji hayajakatika. Baridi nayo imeanza, kwa hiyo jioni tunaingiza jiko la mkaa ndani, tunapikia hapo na kuota moto hadi tunapolala. Siku hizi kila nikiamka kichwa kinanigonga, na mwili ni kama nimelima usiku kucha.

Wenzangu wananiita Mama. Aliyeachwa na mchumba analia kwangu, aliyechelewa kuona siku zake ananieleza mimi kwanza, na aliyeishiwa unga anajua debe langu lilipo. Jina hilo nilikuwa nalionea fahari. Wazazi wetu walitutoka tukiwa wadogo, na bibi aliyetulea, mimi na wadogo zangu wawili, alinifundisha kwamba mtoto wa kike halii mbele za watu. Kila nikimpigia simu huniambia mvumilivu hula mbivu. Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likiingia nakata sehemu na kumtumia kwa ajili ya michango ya wadogo zangu shuleni, wala sijawahi kumwambia kwamba zile wiki za mwisho, kabla bumu jingine halijaingia, ninakula mara moja kwa siku.

Tangu katikati ya Mei sijielewi. Chakula hakina ladha. Nikifungua daftari nasoma mstari mmoja mara tano na sishiki kitu. Nalia chooni, nanawa uso, kisha narudi kumsikiliza mwenzangu. Katika jaribio la mwisho nimepata alama ambazo sijawahi kuzipata tangu nianze shule, na wiki iliyopita sikuingia darasani hata siku moja, nililala tu nikiwa nimegeukia ukutani. Mmoja wa wenzangu anasema nimetupiwa kitu. Mwingine anataka anipeleke kwa mchungaji wake nikaombewe. Kuna usiku nalala nikitamani kusipambazuke. Sijapanga kufanya lolote, ila nimeona nisikufiche.

Niliwahi kufika hadi kwenye mlango wa mshauri wa wanafunzi. Benchi la kusubiria liko ukumbini, mahali anapopita kila mtu, na nilipomwona kiongozi wa darasa letu anakuja nikajifanya nimepotea njia. Naogopa kwamba nikienda kwa daktari wa akili nitaandikwa kwenye faili kuwa ni chizi, na kazi ya ualimu sitaipata. Mitihani inaanza wiki ya pili ya Julai. Je, niahirishe mwaka? Nimwondoe rafiki yangu? Au ni mimi tu niliyepungukiwa ustahimilivu, maana wapo wenye shida kuliko zangu na wanacheka?

Mama wa Chumba, Iringa

*

Marahaba mwanangu, na kamwene.

Kabla sijagusa hata swali lako moja, lile jiko lisiingie tena chumbani, kuanzia leo. Umelitaja kwa kupita, kama mtu anayeeleza rangi ya pazia, kisha sentensi inayofuata unasema unaamka kichwa kikikugonga. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Huanza kwa kuumiza kichwa, kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na mtu aliyelala hazioni dalili hizo, ndiyo maana wengi wanaouawa nayo hufia usingizini. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanaitoa, na kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Sisi wa nyanda za juu tumelizoea jiko la ndani kwa kuwa baridi yetu haina mzaha, Iringa ikiwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Mbeya karibu mita 1,700, lakini mazoea hayajawahi kumkinga mtu na hewa hiyo. Jiko liwashwe nje na lizimikie nje. Ndani tumieni blanketi la pili, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyokazwa vizuri na kuviringishwa kwenye kanga. Sisemi kwamba huzuni yako yote imetoka kwenye mkaa. Nasema tu kwamba hatuwezi kuujua uzito wake wa kweli wakati kila usiku unavuta sumu.

La pili ni ile sentensi ya kutamani kusipambazuke, na nakushukuru kwa kutoificha. Nitakuuliza kama ambavyo ningekuuliza tungekuwa tumekaa wawili jikoni kwangu: je, umewahi kufikiria kujiua? Kumuuliza mtu swali hilo hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Wewe umesema hujapanga lolote, nami nakuamini. Hata hivyo, mchague leo mtu mmoja wa chumba hicho ambaye utamwambia maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Fikra hiyo ikianza kuwa na namna, mahali au siku, mwamshe mtu huyo hata kama ni saa tisa usiku, muongozane hospitali usiku huohuo. Umeamka usiku kwa ajili ya wenzako mara nyingi, nao wanaweza kuamka kwa ajili yako mara moja.

Sasa niseme kuhusu hali yako yenyewe. Mimi si daktari, na barua haipimi mtu. Ninachojua ni kwamba daktari huanza kufikiria sonona pale ambapo huzuni, au kupoteza hamu ya mambo mtu aliyoyapenda, kumedumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na pamoja nayo usingizi, chakula, nguvu na umakini vikavurugika. Wewe unaelekea wiki ya tano. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sonona huwapata wanawake kwa takribani asilimia 50 zaidi ya wanaume, kwa hiyo ondoa shaka kwamba uko peke yako katika jambo hili, hata humo hosteli. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Iringa, anzia kwa wagonjwa wa nje, na ukifika mbele ya daktari mweleze yote: usiku, chakula, machozi ya chooni, na jiko pia. Mwombe akupime damu, kwa sababu msichana anayekula mara moja kwa siku anaweza kuwa amepungukiwa damu, na upungufu wa damu huchosha mwili kwa namna inayofanana sana na hiyo unayoieleza. Akiona inafaa atakupeleka kitengo cha afya ya akili. Huko tiba inaweza kuwa mazungumzo, au dawa, au vyote viwili. Ukipewa dawa, ujue kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na usiziache mwenyewe kwa kuwa umeona siku mbili nzuri.

Kuhusu faili: unayomwambia daktari ni siri ya mgonjwa, na kutibiwa si kosa la nidhamu. Kazi ya ualimu inahatarishwa zaidi na vipindi unavyokosa ukiwa umegeukia ukutani. Kwa mchungaji nenda ikiwa imani yako inakupeleka huko, mradi asikwambie uache hospitali. Na huyo anayesema umetupiwa kitu, mwombe akusaidie kubeba ndoo.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niiweke barua hii mbele ya nyingine. Umeuliza kama umepungukiwa ustahimilivu. Nilikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana huku Mbeya kwa miaka mingi, na kila bweni lilikuwa na msichana mmoja aliyeitwa Mama. Nakiri kwamba nilimtumia. Nikiwa na mgonjwa usiku wa manane nilimwamsha yeye, na wenzake wakigombana nilimtuma yeye, na kwenye taarifa ya mwisho wa muhula niliandika kwamba ni mstahimilivu. Sikumuuliza hata siku moja kwamba yeye akiugua humwamsha nani. Nilichokuwa nakiita ustahimilivu kilikuwa ukimya ulioturahisishia kazi sisi wakubwa.

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu tumboni mwa mama zao hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia katika shida nzito za umaskini na misukosuko ya nyumbani, takribani theluthi moja walikuja kuwa watu wazima wanaojiweza, wenye kazi na wenye kupendana na watu. Watafiti walipotazama waliponea wapi, hawakukuta watoto wenye roho ngumu wasiolia. Walikuta, pamoja na mambo mengine, kwamba watoto hao walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewajali kwa dhati, na mara nyingi mtu huyo alikuwa bibi au babu, shangazi, jirani au mwalimu, na kwamba walijua kumtafuta wa kuwasaidia. Wewe mtu huyo unaye, yuko Makete, na umekuwa ukimficha habari zako kwa uangalifu mkubwa. Aliyetunga methali ya mvumilivu hula mbivu alikuwa anasubiri tunda liive. Hakuna mahali aliposema kwamba wakati akisubiri asile ugali. Mpigie bibi. Si lazima umwambie yote kwa siku moja. Mwambie kwamba unaumwa, kwamba unakwenda hospitali, na kwamba safari hii hutatuma fedha. Amezika wazazi wako na kulea watoto watatu, hivyo habari hiyo hataishindwa.

Kwa kuwa nimegusa fedha, nimalizie hapo. Fedha za kujikimu zilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hesabu hiyo ilipigwa kwa tumbo moja na kitanda kimoja. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha sita imeshaondolewa katika shule za serikali, na michango iliyobaki ni haki bibi aiulize kwa wajomba na baba wadogo. Najua jibu la baadhi yao. Aulize hata hivyo.

Sasa nije kwenye kitanda. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha wanawake wazee wa Mbare, jijini Harare, kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ukilisikia neno hilo unajua kwamba Mbare na Makete si mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kinachonivutia mimi, mtu wa mawaidha mengi, ni kwamba mabibi wale hujizuia kutoa mawaidha. Humwacha mtu ataje shida zake zote, kisha yeye mwenyewe achague moja, atafute hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo, aende akaijaribu, na arudi kusema imekuwaje.

Nimehesabu shida tisa katika barua yako, na hakuna mwanadamu anayeweza kuzibeba zote tisa kabla ya wiki ya pili ya Julai. Kuchagua ni kazi yako, ila ukiniuliza mimi, ningeanza na usingizi, kwa sababu mtu mzima anahitaji angalau saa saba na wewe hupati hata nne, na akili isiyolala haishiki mstari hata usomwe mara kumi. Usingizi wako umekaliwa na rafiki yako. Usimfukuze, wala usiendelee kumbeba. Mkae nje ya chumba, mchana, mkiwa wawili, umwambie hivi au karibu na hivi: "Ndugu yangu, tulikubaliana wiki mbili na tumekaa miezi saba, na sijutii. Lakini silali, nimeanza kuumwa, na mitihani imefika. Kuanzia Jumamosi kitanda nitalala peke yangu. Nitakusaidia kutafuta namna nyingine." Atanyamaza, pengine atanuna. Vumilia ununaji huo. Ndipo mahali pake uvumilivu. Namna nyingine zipo: godoro jembamba sakafuni hadi mitihani iishe, kuchangia geto, yaani chumba cha kupanga, na wasichana wawili au watatu mwakani, au kwenda yeye mwenyewe kuuliza ofisini kwa mshauri wa wanafunzi, kwa kuwa vitanda vya mabweni huachwa wazi wenzenu wanapoahirisha masomo. Na simu ya mchumba, kwa kila mtu chumbani humo, iwe ya nje ikifika saa nne usiku.

Umama wa chumba sikuambii uuache, maana naona unaupenda. Uwekee mipaka. Unaweza kusema, "Nakusikiliza kesho saa kumi jioni," na mwenzako akaishi hadi kesho saa kumi. Yaliyo mazito, kama mimba, kupigwa, au mwalimu anayedai rushwa ya ngono, si ya kutatuliwa juu ya kitanda cha deka. Msindikize aliyepatwa hadi zahanati au dawati la jinsia la chuo, kisha rudi ukasome.

Kwa mshauri wa wanafunzi bado nataka uende. Walioweka benchi lile ukumbini walikosea, na nyinyi mnaoishi hosteli za nje, zisizo na matroni wala mtu wa kugundua kwamba fulani hajatoka chumbani wiki nzima, ndio mnaoumizwa zaidi na kosa hilo. Omba miadi kwa simu au kwa ujumbe, uchague saa ambayo darasa lenu lina kipindi. Ukikutana tena na kiongozi wenu, mwambie umefuata suala la mkopo. Hakuna mwanafunzi Tanzania ambaye hajawahi kufuata suala la mkopo.

Kuhusu kuahirisha mwaka, usiamue sasa. Ukiwa katika hali hii kila mlango unaonekana ni wa kutokea, na mwaka mzima nyumbani bila matibabu unaweza kuwa mrefu kuliko muhula huu. Kwanza umwone daktari. Yeye akisema huwezi kuketi kwenye mitihani ya Julai, fahamu kwamba kuahirisha mitihani kwa sababu ya ugonjwa na kuahirisha mwaka mzima ni mambo mawili tofauti. Yote mawili huombwa kwa barua yenye cheti cha daktari, na barua hiyo ifike kabla mitihani haijaanza, kwa sababu mwanafunzi aliyekosa chumba cha mtihani bila barua anaweza kuhesabiwa kama mtoro. Soma kanuni za mitihani za chuo chako, baki na nakala iliyogongwa muhuri, na ukiahirisha mwaka hakikisha Bodi ya Mikopo nayo imearifiwa. Ukiweza kufanya mitihani na ukapata sapu mbili, yaani masomo mawili ya kurudia mtihani, basi ni sapu mbili. Nimewaona walimu wakuu waliotoka kwenye sapu nne.

Jumatatu asubuhi nenda hospitali, na usiende peke yako. Mchukue huyo wa mchungaji, maana ameonyesha kwamba anajali. Ukirudi niandikie, hata kama ni mistari miwili, unieleze daktari amesema nini, rafiki yako amejibu nini, na jiko siku hizi linalala wapi.

Shangazi yako, Mbeya